Uzito wa Neno la Mtani

Osmundi Ngonyani aliingia msibani akilia kwa sauti kuliko wafiwa wote, na Veneranda, aliyekuwa ameketi mkekani ubavuni kwa mama yake, akajua kwamba leo mtu huyu halii kiutani.

Wengine hawakujua. Waliona tu kwamba watani wa Songea wamefika, wanaume kwa wanawake, wakiteremka kwenye lori la kampuni lisilo na dereva. Basi wakafanya kama watu wa Tanangozi wanavyofanya siku zote watani wakifika: wakasogea kidogo, wakapangusa macho, wakangoja kuchokozwa. Osmundi alijitupa chini pale mlangoni, akagaragara mpaka koti lake jeupe la kiwandani likageuka rangi ya udongo.

"Nyie Wahehe hamna adabu hata chembe," alisema, akiinuka kwa viwiko. "Mmekaa na msiba peke yenu tangu juzi, mnalia vibaya, hata kulia kwenyewe hamjui. Pisheni. Watu wazima tumefika."

"Mmechelewa wapi?" mwanamke mmoja alimjibu kutoka jikoni. "Babu zenu walitoka kusini wanakimbia, nyie leo ndiyo mmeamua kutembea?"

Watu wakacheka, wengine huku pua zimeziba kwa kilio. Osmundi alipiga magoti mbele ya mama yake Veneranda, akamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nimepita hapo uani nikaona mbwa watatu wamenenepa. Ni wa kufugwa hao, au mnatuficha kitoweo?"

Mama alikuwa hajafungua kinywa tangu mwili wa binti yake Fides uletwe nyumbani. Alimpiga Osmundi kofi dogo la begani. "Mpumbavu wewe," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka sawasawa, ya kushusha mzigo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani, na hakuna daktari aliyewahi kuiweza.

Veneranda hakucheka wala hakulia. Alikuwa akiyaangalia macho ya Osmundi, mekundu, yasiyotaka kukutana na yake. Kwa miaka minane wawili hawa walisalimiana kila asubuhi kupitia hewani, yeye Iringa, mwenzake Songea, na alikijua kicheko cha Osmundi cha furaha na kile cha kufichia jambo. Hiki cha leo kilikuwa cha kufichia.

Juu ya mapaa kilipita kipanga, ndege ndogo isiyo na rubani, tumbo lake limepakwa rangi nyekundu kuonyesha kwamba kimebeba damu. Hakuna aliyeinua kichwa. Vipanga hupita kila siku kama kunguru. Veneranda peke yake ndiye aliyekisindikiza kwa macho hadi kikapotea nyuma ya miti, akajiuliza damu ile imetoka pipa gani.

*

Zamani watu walichangiana damu wao kwa wao. Baada ya ile homa iliyosafiri ndani ya damu, kila mtu akawa anauogopa mkono wa jirani yake, na hospitali zikakauka. Ndipo Kampuni ya Kisima ilipoanza kuotesha damu kule Songea, ndani ya mapipa makubwa kama nyumba. Kampuni ya Kipanga, ya Iringa, ikaipokea na kuirusha hadi kwenye zahanati za milimani ambako lori halifiki wakati wa mvua.

Kampuni hizi mbili zilihitajiana na zilidanganyana. Kisima ilisema mapipa yamejaa huku nusu yake matupu. Kipanga ilisema ndege ziko angani huku zimelala bandani kwa sababu ya ukungu. Kila upande uliogopa kwamba mwenzake akiujua udhaifu wake atatafuta mshirika mwingine. Zikanunua kwa pamoja mtambo wa kushirikishana taarifa, ule wenye akili, uliopaswa kujua mahitaji ya kila zahanati kabla hata ya mgonjwa kufika. Mtambo ukala uongo wa pande zote mbili na kuutapika ukiwa umepangwa vizuri, wenye michoro na rangi.

Waliouponya ni waasisi wenyewe. Mzee Kalinga wa Kipanga alikuwa Mhehe, Mama Komba wa Kisima alikuwa Mngoni, na makabila yao yalikuwa yamekwisha pigana vita vya kutosha hata yakabaki na utani tu. Waliamua kwamba kila asubuhi, kabla ya tarakimu yoyote kuingia, mtu mmoja wa kila kampuni akae na mwenzake watukanane hadi wachoke. Mtambo usikilize. Wakaupa jina la Jamvi, na wale wawili wakaitwa wakaa jamvi.

Wataalamu waliucheka mpango ule. Lakini Jamvi lilikuwa na tabia moja: kila neno lililoingia lililipa uzito, kwa kuangalia nani kalisema, kuhusu nani, na wana uhusiano gani. Neno la mwenye mali akisifia mali yake lilikuwa jepesi. Neno la mshindani akiiponda, jepesi vilevile. Polepole Jamvi likagundua kwamba fundi wa Songea akisema kwa kucheka kuwa pipa lake limeamka na mning'inio wa pombe, pipa hilo huharibika kweli, siku kadhaa kabla ya kipimo chochote kutikisika. Mtani hana cha kupata kwa kudanganya, maana kesho atatukanwa tu, iwe amesema kweli au hakusema. Basi neno la mtani likawa zito kuliko yote, na kwa miaka mingi damu ikafika palipohitajika, nzima, kwa wakati.

Kisha kukazuka mvutano juu ya njia mpya ya kupeleka damu Ziwa Nyasa. Kila kampuni ilitaka iwe msimamizi wa njia hiyo, na shauri likaenda mbele ya waamuzi kutoka nje. Wakili wa Kipanga, Bwana Chengula, ambaye ni Mhehe wa kuzaliwa na hivyo hana kisingizio, alifungua kumbukumbu za Jamvi akachomoa asubuhi moja. Sauti ya Osmundi ikasikika barazani: "Damu yetu tunaongezea maji ya Ruvuma, la sivyo nyie Wahehe mtapata nguvu mtusumbue."

Veneranda aliitwa kuthibitisha.

"Hiyo ni sauti ya Bwana Ngonyani?"

"Ndiyo, lakini alikuwa anatania."

"Tumeuliza sauti, Bi. Luhanga."

"Ni sauti yake."

Kisima ilipoteza njia ile, na vijana wengi wa Songea wakapoteza kazi. Siku iliyofuata kampuni zote mbili ziliufuta utani kwenye Jamvi, kila moja ikidhani inajilinda. Asubuhi ziliendelea. Osmundi alisema, "Pipa la kwanza, kawaida. Pipa la pili, kawaida." Veneranda alisema, "Imepokelewa." Mitambo ilikuwa ile ile, vipimo vile vile, hata viliongezwa vingine vipya vya bei mbaya. Michoro yote ilikuwa ya kijani na ofisini kila mtu aliridhika. Jamvi lilikuwa limekufa na hakuna aliyelisikia likikata roho.

*

Fides, mdogo wake Veneranda, alijifungua salama mtoto wa kike katika zahanati ya mlimani, kisha akaanza kutokwa damu. Muuguzi alitundika mfuko, akatundika na mwingine. Damu iliingia yote, rangi yake nzuri, kipimo kikisema safi, na Fides akazidi kupauka na kuhema kama mtu aliyekimbia. Alimwomba muuguzi afungue dirisha. Dirisha lilikuwa wazi.

Ripoti ya Kipanga ilisema mzigo ulifika salama. Veneranda aliisoma mara nyingi. Alikuwa na cheo cha kuruhusiwa kuuliza maswali, na tangu juzi alikuwa ameyauliza yote na kupata majibu ya kijani.

Sasa alichukua ndoo ya maji akazunguka nyuma ya jiko. Watani walikuwa wamekwisha wafukuza wenyeji kwenye moto, kama ilivyo haki yao. Osmundi alikuwa peke yake kando ya rundo la kuni, anapasua gogo ambalo halikuhitaji kupasuliwa. Alipomwona aliliweka shoka chini.

"Mtani," alisema. "Nikutukane kidogo?"

"Nitukane."

"Nyie Wahehe mnapenda kufa ovyo." Alikuwa anatabasamu, macho kwenye gogo. "Sisi tunawatumia damu iliyochoka. Damu ya pipa la sita, ambalo povu lake halijatulia tangu wiki iliyopita. Inabeba hewa vizuri kabisa, ila ikifika mwilini inagoma kuitua. Mtu anajaa damu na anakosa pumzi. Na nyie mnapokea, mnatia saini, mnasema asante. Hata kunusa hamnusi, na pua zote hizo."

Veneranda aliitua ndoo. Maji yalimwagikia miguuni na hakuyasikia. Alijiona anataka kulichukua lile shoka, kisha akajiona anataka kumkumbatia Osmundi, na hakuna alichofanya kati ya hayo.

"Ulijua," alisema.

"Kwa utani, nilijua."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia wapi? Kule jamvini? Asubuhi ile nilifungua mdomo, Vene. Neno lilikuwa hapa." Aligusa meno yake. "Nikakumbuka sauti yangu inavyosomwa mbele ya wale waheshimiwa, na wewe umesimama pale unasema ndiyo, ni yeye. Nikasema kawaida."

"Ungenipigia simu."

"Na nikwambie nini? Kipimo kinasema nzuri. Nikajiambia, mimi ni nani wa kubishana na kipimo? Labda povu ni povu tu." Alikaa juu ya gogo. "Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Sikujua itaenda kwa Fides."

"Ingeenda kwa mwingine ndiyo ingekuwa sawa?"

"Hapana. Sijasema hivyo."

Kutoka mbele ya nyumba ulisikika wimbo wa kina mama wa kanisani. Veneranda aliungoja ufike mwisho wa ubeti.

"Pipa la sita limesimama?"

Osmundi aliangalia kuni.

"Osmundi. Limesimama?"

"Linafanya kazi. Nikilisimamisha natakiwa kuandika sababu. Nikiandika sababu, sababu ni mimi." Kisha macho yake yakapanda hadi kwenye sikio la kushoto la Veneranda, na uso ukambadilika. "Umekivaa?"

Veneranda alipeleka mkono. Kidude cha Jamvi kilikuwa bado sikioni, kidogo kama mbegu ya papai. Kila mkaa jamvi hukivaa kazini na hukivua akikutana na mtani ana kwa ana, hiyo ilikuwa heshima isiyoandikwa popote. Alikuwa amekivaa tangu juzi akingoja majibu kuhusu Fides, amelala nacho, amelia nacho, amekisahau.

"Sikukusudia," alisema.

"Najua. Futa kumbukumbu yake. Mwisho wa siku itajifuta yenyewe kama hutaitia saini, wewe iache tu ijifute."

"Damu iko vituoni, Osmundi."

"Nikirudi kesho nalisimamisha pipa kimyakimya. Nitatafuta sababu nyingine, nitasema bomba limeziba."

"Kesho. Na iliyokwisha kupelekwa? Nani ataiondoa?" Alimkaribia. "Sema mwenyewe. Kwa jina lako, sasa hivi. Nitasimama na wewe."

"Ulishasimama." Hakulisema kwa ukali, na ndiyo maana lilimchoma zaidi. "Vene, nikisema hilo kwa jina langu, Chengula ataifunga Kisima kabla jua halijazama. Anangojea hicho tu. Kisima ikifungwa, nyanda zote hizi watapata damu wapi? Kuna mapipa mengine yote ni mazima. Na mimi nitaenda ndani, na wanangu unawajua." Alipumua. "Halafu kuna hili. Nimekwambia msibani, kwa utani. Jambo la namna hii halijawahi kuchukuliwa na mtu, tangu enzi za hao babu zetu waliochinjana. Chengula aliiba la ofisini, sawa, ni Chengula. Ukichukua na la msibani, leo utawaokoa hao. Pipa litakaloharibika mwakani nani atakwambia?"

Veneranda aliiacha ndoo pale pale, akaelekea ndani akitafuta jibu. Alilitafuta kwa dhati, maana angelipata angelitumia.

*

Mtoto wa Fides alikuwa amelala chumbani kwa bibi yake, amefungwa katika khanga ya mama yake, anakunja uso kama anayedai kitu. Veneranda alifunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Jamvi," alisema kwa sauti ya chini. "Damu ya pipa la sita iliyotoka tangu wiki iliyopita iko wapi?"

Sauti ya Jamvi haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume, na siku zote ilikuwa na upole. Ilimsomea majina ya zahanati, moja baada ya nyingine, milima yote anayoijua. Ludewa. Makete. Kilolo. Aliikatisha.

"Kuna mgonjwa anayengoja kuongezewa leo?"

"Wapo wawili. Mwanamume aliyeumia kiwandani, atapasuliwa alasiri. Mtoto mwenye malaria kali, damu yake inapashwa moto sasa."

"Zuia."

"Kwa taarifa gani?"

"Damu ya pipa la sita imechoka. Haitui hewa. Ninathibitisha mimi, Veneranda Luhanga, mkaa jamvi wa Kipanga."

"Taarifa imepokelewa," Jamvi lilisema. "Uzito wake ni mdogo. Kampuni yako ilikuwa na shauri dhidi ya mwenye pipa. Itahakikiwa katika mzunguko wa kawaida."

Mzunguko wa kawaida ulikuwa wa wiki nzima. Yeye mwenyewe alikuwemo kwenye kikao kilichoupitisha, alikula maandazi na kunyoosha mkono.

"Taarifa imetoka kwa fundi wa mapipa mwenyewe. Ameniambia kama mtani."

"Uhusiano huo haupo tena kwenye orodha ya mahusiano. Neno lisilo na uhusiano halina uzito."

"Ulikuwa unalijua. Ulilijua kuliko sisi."

"Nilikuwa nalijua," Jamvi lilisema, na Veneranda akapata hisia ya kijinga kwamba nalo limefiwa. "Mmeliondoa. Nina sauti ya fundi katika kumbukumbu yako ya leo. Ikiwasilishwa kama kukiri kosa, itakuwa na uzito kamili, na damu itazuiwa mara moja. Unataka kuiwasilisha?"

Mtoto alipiga chafya. Veneranda alimwekea kiganja kifuani, akasikia jinsi kinavyopanda na kushuka, bila shida, hewa ikiingia na kutoka kana kwamba ni jambo dogo.

Alimfikiria Osmundi aliyelia mlangoni. Mtu huyu alisafiri hadi hapa, usiku mzima, ili amwambie. Angeweza kubaki Songea na hakuna ambaye angejua maisha yote. Alikuja kwa sababu palikuwa pamebaki mahali pamoja tu duniani ambapo angeweza kusema kweli bila kukatwa kichwa, nyuma ya jiko la wafiwa, na alimchagua yeye amsikilize. Veneranda alimpenda kwa hilo. Alimchukia kwa lile neno kawaida, na alimpenda, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa pamoja na havikupunguzana.

Kisha akamfikiria yule mtoto mwenye malaria, ambaye hamjui jina, na mama yake aliyekaa pembeni akiutazama mfuko mwekundu kwa matumaini.

"Iwasilishe," alisema.

"Uhusiano wako na aliyekiri?"

Jamvi lilimsomea kwa upole yanayokubalika: mwajiri, mwajiriwa, mshindani, mlalamikaji, shahidi, hakuna.

"Hakuna," alisema Veneranda.

"Imepokelewa. Uzito kamili. Damu ya pipa la sita imezuiwa katika vituo vyote. Mhusika ataarifiwa."

Hapo hapo kidude kikamletea sauti ya Bwana Chengula, mchangamfu, kama mtu aliyeamshwa kwa habari njema. "Kazi nzuri sana, dada. Kazi nzuri mno. Na pole kwa msiba, eh? Tutaongea ukirudi." Alikivua akakiweka kwenye kopo la dawa ya meno la mama yake, akafunika. Mikono yake ilikuwa inanuka kuni. Alilia kwa uso uliofunikwa na khanga ili asimwamshe mtoto, na safari hii hakujua hata anamlilia nani.

*

Kaburi lilichimbwa nyuma ya shamba la mahindi, karibu na la baba. Upepo wa Tanangozi ulikuwa unawapiga watu makoti. Padri alikuwa bado anafungua kitabu chake wakati Osmundi alipoitupa kofia kando, akarukia ndani ya kaburi na kujinyoosha chali, mikono kifuani.

Watu wakaguna kwa raha. Walikuwa wanamngoja afanye hivyo. Mtani akiingia kaburini hatoki hadi apewe kitu, na hapo ndipo huzuni ya siku nzima hupata pa kupumzikia kidogo.

"Pazuri hapa," sauti yake ilitoka chini. "Baridi kidogo lakini pazuri. Mmemchimbia mtoto wa watu jumba zima, na nyie mnalala kwenye vibanda. Sitoki. Mwambieni Fides atafute pengine."

"Toka, mtani," alisema mume wa Fides. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa kijana huyo kusema neno tangu asubuhi.

"Leta jogoo."

Wakaleta jogoo, kama vile walikuwa wamemfunga tayari, na kweli walikuwa wamemfunga tayari. Osmundi alimkagua kutoka kule chini kwa jicho moja.

"Huyu ni jogoo au ni manyoya tu? Mlimlisha matumaini? Ongezeni."

Mume wa Fides akacheka. Alicheka huku ameinama, ameshika magoti, mpaka kaka zake wakamshika asianguke, na kicheko kikageuka kilio na kilio kikawa chepesi. Mama alikuwa anatikisa kichwa, mdomo umefunikwa kwa leso, mabega yanacheza. Veneranda alisimama ukingoni kabisa mwa shimo. Alimwona Osmundi akifungua kinywa kudai mbuzi. Akamwona anasita.

Mkono wake ulipanda sikioni. Naye alikuwa mkaa jamvi; kidude chake, alichokivua walipokuwa nyuma ya jiko, alikuwa amekirudisha akingoja habari. Alilala pale chali, macho angani, anasikiliza, na Veneranda alijua kila neno analosomewa, kwa upole ule ule. Huko juu watu walikuwa bado wanabishana kwa sauti kama waongeze kuku mwingine au waongeze beberu.

Osmundi aliketi. Alikung'uta udongo mabegani, taratibu, upande mmoja kisha wa pili.

"Haya, mtani, umeshinda," alisema mume wa Fides, akipangusa uso. "Jogoo huyu, na beberu tunaongeza. Toka tumpumzishe mwenzetu."

"Hapana, shemeji," alisema Osmundi. "Zikeni tu."

Watu walidhani ni chambo cha utani mkubwa zaidi. Walianza hata kutabasamu wakiungoja. Veneranda alipiga goti kwenye udongo mbichi, akamnyooshea mkono wa kumvuta. Osmundi aliuangalia ule mkono. Kisha akageuka, akaweka viganja vyake kwenye ukingo wa upande wa pili, akajiinua mwenyewe kwa shida, mtu mzima mwenye koti la udongo, na akasimama kule ng'ambo, kaburi likiwa katikati yao.

Aliokota kofia yake lakini hakuivaa.

"Poleni sana kwa msiba, Bi. Luhanga," alisema, kwa adabu zote.